Antena ya redio kol kwenye Kruza ya safari: nasikia vizuri ila mimi sisikiki, niifunge wapi?

chalii_wa_njiro

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba msaada hasa kwa madereva wa gari za utalii na mafundi wa redio mliopo humu.

Nina Land Cruiser ya safari, ile iliyorefushwa bodi na paa la kupandisha, niko Arusha. Imefungwa redio kol ya VHF ya wati 25, redio mpya kabisa na masafa ya kampuni tunayo kihalali. Shida ni kwamba nawasikia wenzangu vizuri tu, tena safi, ila mimi nikibonyeza kuongea wanasema nakatika katika au hawasikii kitu. Juzi nimekaa Mto wa Mbu namsikia mwenzangu yuko juu geti la Lodoare, lile la kuingilia Ngorongoro, anaongea na ofisi, mimi namuita ananiambia rudia, rudia, mpaka nikaacha nikampigia simu.

Antena imefungwa juu ya lile paa linalopanda, kwa nyuma kidogo. Fundi aliyefunga alisema hapo ndio pazuri sababu ndio juu kuliko sehemu zote za gari. Paa lenyewe ni faiba, kwahiyo akatoboa akakaza na bolti halafu akavuta waya mweusi wa ethi kutoka kwenye kitako cha antena ukashuka na nguzo mpaka chesisi. Nimemrudia, anasema ninunue antena ndefu yenye nguvu zaidi au nibadili redio nichukue ya wati 50. Hiyo hela si ndogo na sina uhakika kama ndio dawa.

Kitu kingine, nikikanyaga mafuta kuna mlio unaingia kwenye spika unapanda na moto wa injini, nikiachia unashuka.

Msimu unaanza na gari inaingia Serengeti na wageni, sehemu nyingi kule simu haishiki. Sitaki kuingia porini na redio ya kusikiliza tu. Mnashaurije?

---

FundiMasafa

Mkuu kwanza usinunue kitu. Si antena ndefu si redio ya wati 50. Ukiweka wati 50 kwenye antena iliyofungwa hivyo utapata matatizo yaleyale na redio ya bei zaidi.

Tatizo liko kwenye faiba. Watu wengi wanaona antena ni ule mjiti tu, lakini mjiti ni nusu ya antena, nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Hii ndio kitu naomba uishike kuliko vingine vyote nitakavyoandika hapa. Antena ya robo wimbi, yani mjiti wenye urefu wa robo ya wimbi la redio, inahitaji uso wa chuma kuizunguka pale inapokaa ili nguvu iwe na pa kukanyagia, ukiifunga kwenye faiba ni sawa na mtu anataka kuruka juu huku amesimama kwenye matope. Nguvu inashindwa kutoka, inarudi na kebo mpaka kwenye redio, na redio nyingi za sasa zikiona nguvu inarudi zinajipunguza zenyewe ili transista za mwisho zisiungue. Kwahiyo kwenye boksi imeandikwa wati 25 lakini angani zinatoka chache sana na wewe kwenye kioo cha redio huoni tofauti yoyote.

Sasa huo waya mweusi wa ethi. Fundi wa umeme wa gari akiuona ataridhika kabisa, ataweka mita, upande huu kitako cha antena upande huu chesisi, inasoma sifuri, basi amemaliza. Kwenye umeme wa betri yuko sahihi. Kwenye VHF hayuko sahihi hata kidogo. Chukua masafa ya 150 MHz, wimbi lake zima ni mita 2, robo yake ni nusu mita. Waya wa nusu mita ukiuunganisha na chesisi kwa chini, kwa juu kule antena inauona kama haujaunganishwa na chochote. Wa kwako unashuka na nguzo mpaka chesisi, si chini ya mita moja na nusu huo, ambayo ni robo tatu za wimbi, na hapo hali ni ileile. Kwahiyo kwa mita ya mkononi una ethi, kwa redio huna.

Na hiyo hoja ya "juu ndio pazuri" tuipime. VHF inaenda kwa kuonana, antena na antena. Kwenye tambarare, upeo wa redio kwa kilomita unaupata kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita mara 4.12, unafanya kwa gari zote mbili halafu unajumlisha. Gari mbili antena zikiwa mita 2 na nusu kutoka chini zinafika kama kilomita 13. Ukipandisha moja ikawa mita 3 unaongeza hata kilomita moja haifiki. Yani umeacha bati ukahamia faiba kwa ajili ya hicho kidogo. Ila ripita, kile kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha tena mbali, ikiwa juu mita 600 kutoka ulipo, hesabu hiyohiyo inakupa zaidi ya kilomita 100 kama hakuna mlima katikati. Urefu wenye faida ni ule wa ripita, wa kwenye gari yako nusu mita haibadilishi maisha.

Ndio maana pia unasikia vizuri. Ripita yenu bila shaka iko mlimani, ina antena nzuri, inakufikia hata kwa antena iliyofungwa vibaya. Safari ya kurudi ndio inakushinda.

Kabla ya kufungua nati yoyote hakikisha kitu kimoja, kwenye chaneli ya ripita redio yako imewekewa toni sahihi ya kufungulia? Toni ikiwa haipo au si yenyewe ripita haikufungulii hata ukiwa chini yake, wakati kusikia utasikia tu. Lakini kwa vile wanasema unakatika katika na sio kimya moja kwa moja, mimi bado nailaumu antena.

Swali: kipande cha paa kilicho juu ya dereva, kile kisichopanda, ni bati au faiba? Chukua sumaku yoyote hata ya spika iliyokufa upitishe hapo uniambie.

---

DerevaMkongwe_Kijenge

Fundi umemaliza upande wa redio mimi niongezee upande wa barabara maana gari haikai gereji inakaa porini.

Kijana, hilo paa linapanda na kushuka mara ngapi kwa siku? Ukiona simba tu paa juu, mkiondoka paa chini. Kila likipanda ile kebo inakunjwa palepale. Nje itaonekana nzima, ganda jeusi halina mkwaruzo, ndani ule wavu wa shaba umekatika nyuzi nyuzi. Nimefungua kebo za namna hiyo, ukishika kwa vidole unasikia pale kwenye kunjo pamelegea, ukichana ganda unakuta shaba imekuwa vipande vipande na nyeusi. Kwahiyo hata kama faiba isingekuwa tatizo, hapo sio pa kuweka antena. Na wageni wakisimama vichwa viko sawa na antena, wewe unabonyeza unaongea, mjiti uko karibu na jicho la mtu. Haifai kabisa.

Watakuja watu watakuambia weka kwenye bulbaa, lile bomba la kinga mbele. Kuna gari nyingi hivyo na zinaongea, sikatai. Ila ile barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi mnaijua wote, rafu ile ya matuta madogo madogo mfululizo, bulbaa inatetemeka kuliko kitu chochote kwenye gari. Nati zinalegea, kebo inasuguana na chuma mpaka inachubuka, na mjiti unacheza mbele ya macho yako siku nzima. Afadhali kwenye fenda, pembeni ya boneti, unapata breketi inayokaa kwenye bolti za boneti. Hapo pametulia, ukishuka unapafikia kwa mkono, na matawi ya migunga hayaigongi sana kama ya juu. Ukienda Ndutu au Tarangire njia za ndani utanielewa, tawi likishika antena iliyo juu linaing'oa au linapinda bati. Popote utakapoweka, weka yenye spring'i chini.

---

FundiMasafa

Mzee shikamoo, nakubali yote ya barabara. Niongeze tu kuhusu bulbaa na fenda: antena ikiwa kwenye kona ya gari haitupi sawa pande zote, inatupa zaidi kuelekea kule ambako bati la gari limelala. Ikiwa kona ya mbele kulia basi nguvu nyingi inaelekea nyuma kushoto. Ukiwa Seronera na ripita iko mbele ya pua ya gari utaona tofauti, ukigeuza gari unasikika. Kwenye bulbaa inazidi maana pale mbele bati ni kidogo. Fenda ni nafuu, ila kama kuna bati juu ya dereva, katikati ya hilo bati ndio namba moja.

Kwenye breketi ya fenda msisahau kukwangua rangi chini yake mpaka chuma king'ae, na kama inashika kwenye boneti boneti yenyewe iunganishwe na bodi kwa mkanda mfupi mpana wa waya wa kusuka, maana bawaba za boneti zimejaa rangi na grisi.

---

chalii_wa_njiro

Asanteni sana wakubwa zangu, shikamoo mzee wa Kijenge.

Nimepitisha sumaku. Juu ya dereva inashika kabisa, ni bati, kutoka kioo cha mbele mpaka pale linapoanzia paa la kupanda ni kama mita moja hivi na upana ni wa gari lote. Kuna keria ndogo pale ila inatoka kwa nati nne. Toni nimeangalia na mtu wa ofisi iko sawa na gari zingine.

Kuhusu kebo mzee umeniamsha. Nimepandisha paa nikamuambia mtu abonyeze redio nyingine huku mimi nachezea kebo pale inapokunjwa, sauti inakuja inaondoka. Na kebo yenyewe nimesoma maandishi pembeni imeandikwa 75 ohm. Hiyo ni sawa?

---

GuideWaKike_AR

Kaka hiyo ni kebo ya TV. Ya redio kol inatakiwa ohm 50, omba RG-58 kwa umbali mfupi wa ndani ya gari, inatosha kabisa kwa VHF. RG-213 ni nene, inapoteza nguvu kidogo kuliko RG-58, lakini ni ngumu kupita kwenye nguzo na kona, kwa mita tatu nne haina haja. Usiunge kebo katikati, nunua kipande kimoja kizima kutoka antena mpaka redio.

Mimi nataka nizungumzie maji na magadi sababu naona watu wanafunga vizuri halafu miezi michache gari hairushi tena. Sisi tunashinda Ndutu, Manyara, Eyasi, Natron, vumbi la huko lina magadi, likishaingia kwenye konekta likapata umande wa asubuhi linaila ile shaba. Ukifungua unakuta unga wa kijani. Kinachosaidia ni hivi, konekta zote za nje ukishakaza zizungushie ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ile unaivuta mpaka inanyooka karibu mara mbili ndio unazungusha, halafu juu yake tepu nyeusi ya kawaida kuikinga na jua. Silikoni ya dirisha inayonuka kama siki usiweke kwenye konekta, ile siki ndio inakula shaba. Na kebo kabla haijaingia ndani ya bodi iache ishuke chini kidogo kisha ipande, maji yadondokee pale chini yasifuate kebo mpaka kwenye redio.

Kuhusu huo mlio wa injini, redio imechukua umeme wapi? Kama imeunganishwa kwenye waya wa redio ya muziki au soketi ya kiberiti jibu ndio hilo. Chanya na hasi zote zitoke moja kwa moja kwenye betri, waya mnene, fyuzi kila waya karibu na betri. Halafu kagua inveta ya kuchajia kamera za wageni, friji na zile chaja za USB za bei rahisi, na taa za LED za mbele, hivyo vyote vinapiga kelele kwenye VHF. Mlio unaopanda na moto wa injini mara nyingi ni alteneta, mkwaruzo ambao haubadiliki na mafuta mara nyingi ni inveta au chaja. Washa redio injini ikiwa imezimwa, chomoa kimoja kimoja, utamjua adui.

Na uhakikishe gari ni volti 12. Kuna Kruza za zamani za volti 24, hizo redio inataka kipunguza volti, ukiiweka hivihivi inaungua.

---

Moshi_Rescue4x4

Salamu kutoka Moshi. Sisi tuna gari zinazopanda mageti ya mlima, Marangu, Mweka, Londorossi, naomba niongezee mambo mawili.

La kwanza, VHF haipiti mlima. Kilimanjaro ina mita 5,895 na ukiwa upande wa Moshi hakuna antena duniani itakayokufikisha kwa mtu aliyeko Rongai upande wa kaskazini bila ripita inayowaona wote wawili. Nasema hivi sababu watu wanabadili antena tatu nne kwa tatizo ambalo ni la mlima. Chalii hata wewe ukishuka kreta ya Ngorongoro, sakafu iko kama mita 600 chini ya ukingo, kama ripita yenu iko sehemu inayoona sakafu utaongea vizuri, kama iko nyuma ya ukingo utakuwa kimya hata ufunge nini. Na kwa mazingira ya namna hiyo, ya kutupa kwenda juu mlimani, robo wimbi fupi ni nzuri kuliko ile ndefu inayouzwa kama ya nguvu. Ile ndefu inapata nguvu yake kwa kubana mawimbi yalale kuelekea upeo wa macho, ni nzuri kwenye tambarare, ila ukiwa chini ya ukuta mrefu unataka mawimbi yanayopanda.

La pili ni HF, redio za masafa ya chini kuliko VHF. Kwa wanaoenda mbali sana, kutoka Seronera mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, HF inafika bila ripita kwa sababu mawimbi yanapanda yanagonga tabaka la juu la anga yanarudi. Hapo ufungaji ni habari nyingine kabisa. Masafa ya 5 MHz wimbi lake ni mita 60, robo ni mita 15, huwezi kutembea na mjiti wa mita 15, kwahiyo antena ya gari inakuwa fupi na ina koili au tyuna, kifaa cha kuilinganisha antena na masafa, kinachojirekebisha chenyewe kila ukibadili chaneli. Ni nzito, hiyo kweli inakaa kwenye bulbaa au nyuma kwenye breketi iliyochomelewa, na ethi yake ni gari zima, bodi na chesisi na ekzosi na boneti vyote viunganishwe kwa mikanda mifupi mipana ya kusuka. Mchana unatumia masafa ya juu zaidi, usiku unashuka. Ukitaka kuongea na kituo cha karibu, kilomita mia au mia mbili, ivute ncha ya mjiti irudi nyuma juu ya gari uifunge na kamba, ikilala hivyo inatupa zaidi kwenda juu na inarudi karibu. Na mtu asiiguse wakati unaongea, wati 100 pale kwenye mjiti zinaunguza ngozi.

Lakini kwa shida ya chalii sioni haja ya HF, arekebishe hiyo VHF.

---

twende_mbugani

Samahani naomba kuuliza, mimi ni gari yangu binafsi tu tunatoka na marafiki off-road Monduli na Longido, naweza kununua redio nikaweka masafa yoyote yaliyo wazi? Na kwanini watu hawatumii simu tu kwenye grupu la WhatsApp?

---

FundiMasafa

Hapana kaka, masafa hayana "yaliyo wazi" kwa maana hiyo. Leseni ya kutumia masafa inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ipo kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na Arusha wana ofisi ya kanda nenda uwaulize. Redio za VHF zinakubali kuandikiwa kuanzia 136 mpaka 174 MHz na ndani ya hapo kuna polisi, uokoaji, hifadhi, meli, makampuni. Ukiingia kwenye chaneli ya mtu unaweza kuwa unamfunika mwenye dharura na hujui. Kama mnapenda redio kama fani kuna leseni ya redio ya ridhaa, ya Tanzania ishara zake zinaanza na 5H, huko mtajifunza mengi.

WhatsApp inataka mnara. Redio nikibonyeza gari zote za kampuni zinasikia kwa wakati mmoja kwamba daraja limeondoka au gari imezama, hakuna kutafuta namba ya mtu.

Chalii, kwa hilo bati lako la mita moja umepata bahati, antena ikikaa katikati inapata karibu nusu mita ya bati kila upande na hiyo ndio robo wimbi yenyewe. Fanya hivi. Toa keria kwanza, na kama lazima irudi basi antena iwe mbali na vyuma vyake. Shusha lining ya ndani uone waya za taa zinapita wapi kabla hujashika drili. Kitako cha aina ya NMO kinataka tundu la milimita 19, tumia msumeno wa duara wenye kizuizi usitumbukie ndani. Kwa ndani kwangua rangi kuzunguka tundu sehemu meno ya kitako yanapobana, upana wa sarafu tu inatosha, kingo za tundu paka rangi ya kuzuia kutu. Mpira wa kuzuia maji ukae kwa nje vizuri. Kebo ipite ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, isipite mlangoni ikabanwa. Ule waya mweusi utoe kabisa.

Mjiti usiukate mpaka umepima. Tafuta mtu mwenye mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, sio ile mita ya volti. Mjiti wa robo wimbi urefu wake kwa mita ni 75 gawanya kwa masafa yako, kwa 155 MHz inakuja kama sentimita 48, kwa kawaida inaishia 46 au 47. Gari isimame uwanjani mbali na mabati ya gereji, milango na boneti zimefungwa, watu wamesogea. Pima chaneli ya chini kabisa mnayotumia na ya juu kabisa. Ikiwa nzuri chini na mbaya juu mjiti ni mrefu, kata milimita mbili tatu tu upime tena. Ikiwa nzuri juu na mbaya chini ni mfupi, hapo hakuna kukata tena. 1.5 ni safi sana, karibu asilimia 4 tu ndio inarudi. Ikifika 2 inarudi kama asilimia 11, bado unaishi. 3 ni robo nzima ya nguvu inarudi, hiyo usiondoke nayo gereji.

---

chalii_wa_njiro

Wakuu nimerudi na majibu. Nimemtafuta fundi mwingine mtaa wa Unga Limited mwenye mita ya SWR. Kabla ya kugusa chochote tulipima ile ya kwenye faiba, sindano ilipita 3 ikaendelea. Paa likiwa juu inasoma hivi likishushwa inasoma vingine.

Tumehamisha ikakaa katikati ya bati juu ya dereva, antena ni ileile ya kwanza sijanunua nyingine, kebo tumeweka RG-58 mpya, mjiti umekatwa kidogo sana. Sasa inasoma 1.3 chaneli ya chini na 1.4 ya juu. Tundu la kwenye faiba tumeliziba. Jana nimepita palepale Mto wa Mbu nimemuita mtu wa Lodoare kajibu neno la kwanza, akauliza umebadilisha redio?

Mlio wa injini ulikuwa umeme umechukuliwa nyuma ya redio ya muziki. Tumevuta kutoka betri, umeisha. Umebaki mkwaruzo mdogo nikiwasha inveta, dada GuideWaKike umesema kweli, nikiongea naizima.

---

DerevaMkongwe_Kijenge

Vizuri sana kijana. Ukirudi kutoka safari ya kwanza ya rafu kaza tena kile kitako kwa mkono, mpira ukishakaa unalegea kidogo.

---

Defender110_Usa

Niombe na mimi kabla uzi haujalala. Yangu ni Land Rover Defender, sumaku haishiki popote juu. Ina maana sina bati la kukanyagia?

---

FundiMasafa

Unalo na ni zuri. Paneli za nje za Defender nyingi ni alumini, sumaku haishiki ila redio inaipenda alumini sawa na bati. Antena ya kitako cha sumaku ndio hutaweza, itabidi utoboe au uweke breketi. Angalia tu kama paa lako ni la alumini au limebadilishwa la faiba, gonga kwa kidole na uangalie kwa ndani pasipo na lining. Kikubwa kwako ni bolti za chuma kukutana na alumini, pakiwepo unyevu na vumbi la magadi alumini inaliwa kuzunguka bolti, inakuwa unga mweupe na ethi inapotea. Tumia bolti na wosha za chuma kisichoshika kutu, paka grisi ya kuzuia maji pale vinapogusana baada ya kukwangua, na kila servisi fungua uangalie kama unga mweupe umeanza.